Kisangani: Linux, mega na umeme, au jinsi ya kusasisha kompyuta bila kuumia

Mjini Kisangani, mwenye kompyuta hupiga hesabu tatu kabla ya kuiruhusu mashine yake ipakue kitu chochote kutoka kwenye intaneti. Mega zimebaki ngapi? Betri imebaki kiasi gani? Na umeme wa SNEL, ukiwepo, utadumu mpaka saa ngapi? Kwa hesabu hizo tatu, jambo linaloonekana dogo kwa mafundi wa Ulaya linakuwa shida ya kila juma katika jimbo la Tshopo: kusasisha mfumo wa kompyuta, kile ambacho wengi mjini hukiita kwa Kifaransa « mise à jour ».

Shida hiyo imewafikia watu wengi zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kuna mpango wa nyongeza kwa wanaotaka kusogeza muda, lakini ni nyongeza tu. Njia ambayo kampuni inaielekeza ni Windows 11, nayo inadai kompyuta yenye kifaa maalumu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 pamoja na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa prosesa za Intel, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Kompyuta nyingi za okasheni hazifikii kiwango hicho. Bado zinawaka, zinaandika na zinachapisha, lakini mlango wa Windows mpya umefungwa kwao.

Ndiyo maana jina la Linux linasikika zaidi kuliko zamani. Ni mfumo wa bure, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Unaweza kufufua mashine ya miaka 10 na kuifanya itumike tena. Lakini anayehamia huko hukuta mambo mawili yanayomchanganya. Rafiki mmoja anamwambia asasishe kila siku, la sivyo ataingiliwa. Mwingine anamwambia asiguse kitu kinachofanya kazi. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, maana neno hilo moja linabeba kazi mbili tofauti.

Kukaza breki si kununua baiskeli mpya

Mwenye toleka yeyote wa Kisangani anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Kukaza breki, kutia mafuta kwenye mnyororo na kuziba tairi ni kazi za kila juma. Asiyezifanya atamwangusha abiria. Kubadili baiskeli nzima ni jambo lingine. Linahitaji pesa, muda na kuzoea upya, na hakuna anayelifanya kwa sababu tu baiskeli mpya imefika sokoni.

Katika Linux, kazi ya kwanza ni masasisho ya usalama. Fundi amegundua tundu katika programu, akaliziba, na kiraka kidogo kinatumwa kwa watumiaji wote. Sura ya programu haibadiliki na vitufe vinabaki mahali pake. Kazi ya pili ni kuhamia toleo jipya la mfumo, ambapo programu zinabadilika, menyu zinahama, na wakati mwingine printa iliyokuwa ikichapa jana inagoma leo.

Baadhi ya aina za Linux, kama Debian, zimejengwa juu ya tofauti hiyo. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miaka 2. Toleo likishatoka, programu zake karibu zote hubaki na namba zilezile. Tundu la usalama likigunduliwa, mafundi wa Debian huchukua kiraka peke yake na kukipachika kwenye programu ya zamani, bila kuleta mabadiliko mengine yaliyokuja na programu mpya. Mwalimu anayeandika mitihani yake hapati mshangao, na tundu limezibwa.

Kiraka kisichosubiri

Anayesema « usiguse kinachofanya kazi » anasahau kilichotokea tarehe 12 Mei 2017. Siku hiyo programu ya kihalifu iitwayo WannaCry ilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia. Iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwemo za hospitali za umma za Uingereza, ambako wagonjwa walirudishwa nyumbani. Tundu lililotumika lilikuwa katika Windows, na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi 2 kabla. Wengi wa walioumia walikuwa hawajakiweka, au walikuwa bado wanatumia Windows iliyokuwa imekwisha muda.

Linux nayo haina kinga ya kuzaliwa. Ni kweli kwamba virusi vya Windows vinavyozunguka kwenye flashi, kutoka kibanda kimoja cha kuchapa hadi kingine, kwa kawaida haviwezi kujiendesha ndani ya Linux. Lakini Januari 2022 lilitangazwa tundu lililopewa jina la PwnKit, lililokuwa katika chombo kidogo kilichomo karibu katika aina zote kubwa za Linux tangu mwaka 2009. Mtu yeyote mwenye akaunti ya kawaida kwenye mashine aliweza kujifanya mkubwa wa mfumo na kufanya anachotaka. Kwa kompyuta ya mtu mmoja aliyeifungia chumbani, hatari ilikuwa ndogo. Kwa kompyuta inayotumiwa na watu wengi, kama ile ya chumba cha wanafunzi, ya ofisi au ya siberi, ilikuwa kubwa. Kiraka chenyewe kilikuwa chepesi, na aliyekiweka juma lile hakuona tofauti yoyote kwenye kazi zake.

Kipya nacho kina hatari yake

Wanaosema kila kitu kiwe kipya kila siku nao walipata somo lao. Tarehe 29 Machi 2024, Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi Microsoft, alitangaza kwamba ameona jambo la ajabu. Kuingia kwenye mashine aliyokuwa akiifanyia majaribio kulikuwa kumechelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipochimba alikuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili. Aliyeupachika alijiita Jia Tan, na alikuwa amejenga imani ya wenzake katika mradi huo kwa zaidi ya miaka 2.

Mlango huo ulikuwa katika namba 5.6.0 na 5.6.1 za xz. Zilikuwa zimekwisha kufika katika aina za Linux zinazopokea kila kipya mara kinapotoka, na katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Debian ya kawaida, ile iliyo imara, haikuguswa. Watumiaji wa Ubuntu waliobaki kwenye toleo la muda mrefu nao hawakuguswa. Waliokuwa nyuma kwa namba ndio waliolala salama, kwa sababu hawakukimbilia programu mpya ambazo bado hazijapimwa, huku wakiendelea kupata viraka vya usalama.

Kwa hiyo kanuni ya mtumiaji wa kawaida inaweza kusemwa kwa sentensi moja: viraka vya usalama viwekwe mapema, na toleo jipya lisubiri. Kinachobaki ni kuchagua aina ya Linux inayomruhusu kuifuata kanuni hiyo bila kuwa fundi.

Kuchagua kwa kuangalia tarehe ya mwisho

Ubuntu ni jina linalojulikana zaidi. Lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na neno lenyewe ni ndugu wa neno la Kiswahili « utu ». Kila baada ya miezi 6 linatoka toleo jipya. Lakini matoleo mengi kati ya hayo hupata viraka kwa miezi 9 tu. Anayeyafuata atalazimika kubadili mfumo wake mzima mara kwa mara, na kila badiliko ni giga kadhaa. Linalomfaa mtu wa kawaida ni lile liitwalo LTS, linalotoka mwezi wa Aprili kila baada ya miaka 2 na kupewa viraka kwa miaka 5. Ubuntu 24.04, kwa mfano, linalindwa mpaka mwaka 2029.

Linux Mint, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Clément Lefebvre, inajengwa juu ya LTS hizo za Ubuntu. Sura yake haiko mbali na Windows ya zamani, na haisakinishi kitu mpaka mwenyewe akubali, isipokuwa ameiambia vinginevyo. Faili lake la kusakinishia lina karibu giga 3, wakati la Ubuntu 24.04 linakaribia giga 6. Kwa mtu anayenunua mega kwenye simu, tofauti hiyo ni pesa taslimu.

Kompyuta yenye nguvu ndogo inaweza kupewa Lubuntu au Xubuntu, ndugu wepesi wa Ubuntu. Hapa pana mtego: LTS za ndugu hao hulindwa kwa miaka 3, si 5. Lubuntu 24.04 inafikia mwisho Aprili 2027, na anayeisakinisha leo akidhani ana miaka 5 atajikuta bila kinga kabla ya siku alizohesabu. Kuna pia Arch na aina nyingine zinazosasishwa bila kukoma, ambako hakuna toleo jipya wala la zamani. Wanaozipenda wana sababu zao nzuri. Lakini kompyuta ya Arch iliyokaa miezi 3 bila intaneti ikirudi itadai upakuaji mkubwa kwa mara moja, na mwenyewe anatakiwa kusoma matangazo ya mradi kabla ya kuukubali.

Mega zinakwenda wapi?

Ubuntu ya mezani huweka viraka vya usalama yenyewe, bila kuuliza. Kwa anayelipia intaneti kwa mwezi bila kikomo, huo ndio urahisi wenyewe. Kwa mwanafunzi aliyenunua mega chache ili atume kazi yake ya mwisho ya masomo kwa profesa, ni kama abiria asiyealikwa aliyepanda toleka. Kuna na abiria wa pili: programu zinazokuja kwa njia ya Snap, ikiwemo Firefox ya Ubuntu tangu toleo la 22.04, hukagua mara 4 kwa siku kama kuna kipya, na kujisasisha zenyewe.

Wengi wakigundua hivyo huzima kila kitu na kusahau. Hapo wanakuwa wametatua shida ya mega kwa kufungua shida ya usalama. Kuna njia ya kati. Katika mipangilio ya mtandao, muunganisho wa simu unaweza kuwekewa alama kwamba ni wa kulipia kwa kipimo. Amri *sudo snap refresh --hold* nayo inasimamisha Snap zote mpaka mwenyewe aamue. Mtumiaji wa Mint hana kazi hiyo ya pili, kwa sababu Mint haiji na Snap.

Kisha inawekwa siku moja ya juma. Siku hiyo mtumiaji anaandika *sudo apt update*, amri inayoleta orodha ya vilivyobadilika. Amri ya *sudo apt upgrade* itamwonyesha ni mega ngapi zitapakuliwa na itasubiri jibu lake kabla ya kuanza. Akiona ni nyingi mno, anajibu hapana, anarudi siku atakapokuwa na kifurushi kikubwa, au usiku kama kampuni yake ya simu inauza mega za usiku kwa bei nafuu. Kompyuta inayosasishwa kila juma hudai kidogo kidogo. Iliyoachwa miezi 6 hudai deni lote siku moja, na mara nyingi siku hiyo huwa ndiyo mbaya zaidi.

Umeme ukikatika katikati

Hofu nyingine ya Kisangani ni giza la ghafla. Kupakua kukikatika si hatari, kwa sababu kwa kawaida apt huendelea pale ilipoishia. Hatari iko wakati wa kusakinisha, mafaili ya zamani yanapoondolewa na mapya kuingia. Ndiyo maana inafaa kuzitenganisha kazi hizo mbili. Amri ya *sudo apt upgrade --download-only* inapakua tu bila kusakinisha kitu. Kusakinisha kunafanywa baadaye, bila hata kuhitaji intaneti, wakati betri imejaa au jenereta inanguruma.

Na kama giza limekuta kazi katikati, si mwisho wa kompyuta. Mara nyingi amri ya *sudo dpkg --configure -a* inamalizia kilichobaki. Kama ni kiini cha Linux kilichoharibika, Ubuntu, Mint na Debian huhifadhi kiini cha awali. Mtumiaji anaweza kukichagua kwenye orodha inayotokea kompyuta inapowaka. Mint ina pia chombo kiitwacho Timeshift, kinachopiga picha ya mfumo kabla ya mabadiliko ili uweze kurudishwa ulivyokuwa. Lakini kwa kawaida Timeshift hailindi nyaraka za mtu. Kazi ya masomo, hesabu za duka na picha za familia zinahitaji nakala nje ya mashine, kwenye diski au flashi iliyowekwa mbali na kompyuta.

Kompyuta kumi, upakuaji mmoja

Mzigo unakuwa mwepesi zaidi watu wakiubeba pamoja. Chumba chenye kompyuta 10 zinazotumia toleo lilelile hakina sababu ya kupakua kiraka kilekile mara 10. Programu ya apt-cacher-ng inawekwa kwenye mashine moja, nayo inahifadhi kila kinachopakuliwa. Nyingine 9 zinachota hapo kwa waya au Wi-Fi ya ndani, bila kugusa mega. Kila mashine inaendelea kuhakiki saini za kidijitali za mradi wenyewe, hivyo kifurushi kilichobadilishwa njiani kinakataliwa.

Mpango wa namna hiyo unafaa chuo, shule, parokia au nyumba ya kuchapa. Kisangani ni mji wa wanafunzi tangu mwaka 1963, ilipoanzishwa Université Libre du Congo, ambayo ndiyo UNIKIS ya leo. Penye wanafunzi wengi pana kompyuta nyingi za zamani, na daima yupo mmoja anayejua kuliko wenzake. Mara nyingi ndiye anayewasakinishia Linux rafiki zake, akawaonyesha mahali pa kuandikia na pa kusikilizia muziki, kisha akaondoka. Hapo ndipo kazi inapobaki nusu, kwa sababu hakuna aliyeambiwa toleo lake litakwisha lini wala nani ataangalia viraka.

Urahisi wa nani?

Watengenezaji wa Linux wenyewe hawakubaliani juu ya jambo hili. Wapo wanaosema mtumiaji asiulizwe kitu. Endless OS na Fedora Silverblue hufuata njia hiyo: mfumo mzima husasishwa kama kitu kimoja, na ukishindwa unarudi kwenye hali ya jana. Umeme ukikatika katikati, hakuna kilichoharibika, kwa sababu mfumo wa zamani haujaguswa. Ni wazo linaloifaa Tshopo kwa upande wa umeme. Kwa upande wa mega lina uzito, kwa sababu masasisho ya namna hiyo kwa kawaida ni makubwa. Wengine, kama watu wa Mint, wanaona mtumiaji apewe habari wazi na aamue mwenyewe.

Habari wazi inahitaji pia lugha inayoeleweka. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba lugha hii inaweza kubeba kazi ya kompyuta. Hata hivyo, wengi wa Kisangani bado wanasoma maonyo ya mashine zao kwa Kifaransa au kwa Kiingereza. Mtu asiyeelewa onyo hubonyeza chochote ili liondoke. Kwake, dakika 10 za maelezo kwa Kiswahili au Lingala kutoka kwa aliyemsakinishia zina thamani kuliko mfumo wowote wa kujiendesha.

Kwa wanaotumia Linux tayari, jambo la kwanza la juma hili ni kuangalia namba ya toleo, inayoonekana katika mipangilio ya mfumo kwenye sehemu ya habari za kompyuta. Ubuntu 20.04 ilimaliza muda wake wa kawaida Mei 2025, na Mint 20 ilimaliza mwezi mmoja kabla. Ubuntu 22.04 na Mint 21 zinafika mwisho mwaka 2027. Debian 12 inaendelea kulindwa mpaka Juni 2028. Mwenye Ubuntu 20.04 asiyeweza kuhama sasa anaweza kujiandikisha katika Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine 5 na inaongeza viraka mpaka mwaka 2030. Kujiandikisha hakuli mega nyingi, na kunampa muda wa kupanga kuhama siku ambayo umeme na kifurushi vitakuwepo pamoja.